Tekno na ndugu zake: usikilize ipi, na uanzie wapi

Hapa kwetu muziki wowote usio na gitaa, wenye ngoma inayodunda mfululizo kama mashine ya kusaga, watu huuita tekno. Ni sawa na kushuka soko la samaki la Feri ukawaita wote changu. Changu yumo, tena mtamu, lakini wapo na kolekole, nguru, taa, jodari na pweza, na anayekwenda kupika mchuzi wa nazi hachagui sawa na anayekwenda kukaanga. Muziki wa kielektroniki ni soko zima. Tekno ni samaki mmoja.

Kazi yangu ni mitambo. Nakodisha spika na kusimamia sauti kwenye harusi, mikesha na hafla za ufukweni, na mara kwa mara hutokea kijana akanifuata nyuma ya meza ya mixa: "Kaka, nitajie tekno kali nikapakue." Zamani nilikuwa namwandikia orodha palepale. Wiki ya pili anarudi kuniambia hakuelewa kitu: hakuna maneno, hakuna kiitikio, wimbo dakika nane na umeishia ulipoanzia. Nikimwambia basi niimbie hicho ulichokisikia mpaka ukakipenda, ananiimbia hausi. Au amapiano. Mmoja aliniimbia transi, akaipandisha ile sauti kwa mdomo mpaka pumzi ikamwishia. Alikuwa anajua kabisa anachokipenda. Jina tu ndilo lililompoteza.

Siku hizi namuuliza kwanza: unataka muziki ukufanyie nini? Ulinganisho huu nimeupanga hivyohivyo. Ukienda kutafuta mtandaoni, andika majina kama yalivyo kwenye majalada: techno, house, trance, drum and bass, dubstep, ambient. Hapa nitayaandika kama tunavyoyatamka.

Soko ni la zamani kuliko tekno

Muziki wa kielektroniki haukuanzia klabu, na haukuanzia Ulaya peke yake. Mwaka 1944, mjini Cairo, mtunzi wa muziki wa Misri, Halim El-Dabh, aliazima kutoka kituo cha redio mashine ya kunasa sauti kwenye waya, akaenda kurekodi wanawake wakiimba kwenye zar, ngoma ya kupunga pepo ambayo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa ni nini. Akarudi nayo studio, akaondoa sehemu za chini za sauti zile, akabakiza mwangwi na ule mng'aro wa juu. Hiyo ni miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kufanya majaribio yake maarufu ya kutunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa, kwenye redio mjini Paris mwaka 1948. Nalitaja hili mapema kwa sababu nimewasikia vijana wakiona haya kuupenda muziki huu, wakidhani ni wa kuazima. Mwafrika alikuwepo mlangoni tangu mwanzo, tena na ngoma ya pepo mkononi.

Baadaye likaja kundi la Kraftwerk la Düsseldorf, Ujerumani, na albamu yao ya Autobahn mwaka 1974. Mwaka 1977 Donna Summer aliimba "I Feel Love" mjini Munich juu ya mdundo ambao Giorgio Moroder aliutengeneza karibu wote kwa sinthesaiza, kinanda kinachozalisha sauti kwa umeme. Kisha kampuni ya Roland ya Japani ikaleta mashine tatu ndogo: TR-808 mwaka 1980, TB-303 mwaka 1981, TR-909 mwaka 1983. Mbili ni za ngoma, moja ni ya besi. Wanamuziki wengi hawakuzitaka, maana ngoma zake hazikufanana na ngoma halisi, na besi yake haikufanana na gitaa la besi. TR-808 zilitengenezwa kama 12,000 tu, kisha uzalishaji ukasimama mwaka 1983. Zikaishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, bei ikashuka, na wasiokuwa na pesa za kuajiri bendi wakazichukua. Hausi na tekno zote mbili zimezaliwa kwenye mitumba hiyo.

Kuna swali ambalo huulizwa sana: mbona bongo fleva nayo hutengenezwa kwa kompyuta, kwa nini haimo kwenye soko hili? Jibu langu ni kwamba kwenye bongo fleva mashine inamhudumia mwimbaji. Mwondoe mwimbaji, kinachobaki ni mdundo unaomsubiri mtu. Kwenye muziki wa kielektroniki ninaouzungumzia, mashine ndiyo mwimbaji. Mtu akija kuimba, amekuja kama mgeni.

Hausi na tekno: hapa ndipo wengi hupotea

Chicago na Detroit, miji ya Marekani, zimeachana kwa barabara kama Dar na Dodoma, kilomita 450 hivi. Miziki yote miwili, hausi ya Chicago na tekno ya Detroit, ilitengenezwa na vijana weusi wa miji hiyo katika miaka ileile ya 1980, kwa mashine zilezile, wakitembeleana. Derrick May wa Detroit ndiye aliyemuuzia Frankie Knuckles wa Chicago mashine ya 909. Kwa hiyo anayekwambia hausi na tekno ni mbingu na ardhi, hajakaa nazo.

Hausi ilitokea klabuni. Frankie Knuckles, aliyetoka New York, alikuwa DJ wa klabu ya Warehouse mjini Chicago kuanzia mwaka 1977, na jina la muziki limekatwa kutoka kwenye jina hilo la klabu. Waliokuwa wakijaa pale wengi wao walikuwa vijana weusi na Walatino mashoga, watu ambao milango mingine ilikuwa imefungwa kwao. Tarehe 12 Julai 1979 umati mkubwa ulikusanyika kwenye uwanja wa besiboli wa mjini humo na santuri za disko zikalipuliwa katikati ya uwanja. Disko ikatangazwa imekufa. Hausi ndiyo disko iliyokataa kuzikwa: iliubakiza ule moyo, ile sauti ya mwanamke inayoimba kama yuko kanisani, kile kinanda, ikavitia juu ya ngoma ya mashine.

Tekno ilitokea kwenye vyumba vya kulala na kwenye redio. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walisoma pamoja Belleville, mji mdogo nje ya Detroit. Usiku walikuwa wakimsikiliza mtangazaji aliyejiita The Electrifying Mojo, ambaye angeweza kupiga Kraftwerk, kisha Prince, kisha fanki ya Parliament, bila kuomba radhi kwa yeyote. Nje ya dirisha mji wao ulikuwa unaporomoka. Detroit ya 1950 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, ilipofika 1980 walikuwa wamebaki milioni 1.2. Kampuni ya muziki ya Motown ilishahamia Los Angeles mwaka 1972. Kwenye viwanda vya magari, roboti walikuwa wameanza kushika kazi za mikono ya wazazi wao. Atkins akaamua kuishika mashine yenyewe na kuisemesha. Mwaka 1981, yeye na Rik Davis, waliojiita Cybotron, walitoa santuri yao ya kwanza. Mwaka 1985 akatoa "No UFOs" kwa jina la Model 500, kwenye lebo yake mwenyewe ya Metroplex.

Jina lenyewe nusura lisipatikane. Mwaka 1988 kampuni ya Virgin ya Uingereza ilikuwa inaandaa albamu ya mkusanyiko ya vijana wa Detroit, na ilipangwa iitwe kwa maana ya "hausi ya Detroit". Atkins akaleta wimbo alioupa jina "Techno Music". Jalada likabadilishwa. Kama asingeuleta, pengine leo tungekuwa tunabishana kuhusu aina mbili za hausi.

Sasa masikio. Chukua "Can You Feel It" ya Larry Heard wa Chicago, ya mwaka 1986. Ngoma nzito inapiga nne kwa nne, tum tum tum tum, na katikati ya kila tum toazi dogo linafunguka: ts. Besi inazunguka taratibu kama mtu anayetembea bila haraka, na juu yake kuna kinanda kilichonyooshwa kama pumzi ya mtu aliyelala. Hakuna kinachokukimbiza. Ukikaa nayo kwenye kochi, inakaa na wewe.

Halafu weka "The Bells" ya Jeff Mills wa Detroit. Ngoma ni nne kwa nne pia, lakini imekazwa na haina mto. Kuna kipande kifupi cha sauti kama kengele kinachojirudia, na kurudia kwake ndiko wimbo wenyewe. Sikiliza kinachobadilika: noti ni zilezile, ila sauti inafunguliwa na kufungwa polepole, kama mtu anayesogeza dirisha kidole kimoja kimoja na kelele za mtaa zikaingia. Toazi linaingia, linakaa, linatoka. Likitoka unagundua kwamba mwili wako ulikuwa umeshalitegemea. Tekno inafanya kazi hiyo: inakubadilishia kitu kidogo wakati umeacha kusubiri mabadiliko.

Mpaka kati yao una matundu mengi. Kevin Saunderson, mmoja wa wale watatu, ndiye aliyetoa "Good Life" mwaka 1988 na mwimbaji Paris Grey chini ya jina Inner City, wimbo wenye kiitikio ambacho harusi nzima inaweza kuitikia. Na "Strings of Life" ya Derrick May ya mwaka 1987 ina kinanda na fidla zinazolia kama hausi, lakini haina besi kabisa. Imebebwa na vidole na ngoma tupu. Hapo usihangaike na jina.

Ushauri wangu kwa anayechagua kati ya hizi mbili: kama unapika, unapokea wageni, unataka kitu cha kuimba nacho ukiwa unadeki, chukua hausi. Kama unataka kutembea peke yako, kukimbia, kuandika programu za kompyuta usiku, au kukaa na jambo zito kichwani bila mtu kukuimbia habari za mapenzi, chukua tekno. Na kama unapenda amapiano, wewe ni mtu wa hausi tayari hata kama hujawahi kulitamka neno hilo. Vijana wa vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, waliitoa amapiano kwenye hausi tulivu, kwaito na jazi. Kwaito nayo ilikuwa hausi iliyopunguzwa mwendo. Anza na Larry Heard. Utamkuta bibi yako.

Anayependa gqom ya Durban, ile ngoma kavu yenye kiza inayokatika mahali usipotarajia, huyo namwelekeza tekno moja kwa moja. Mpangilio wa mapigo si ule, lakini hali ya hewa ndani ya wimbo ni ileile.

Transi, kwa mwenye kutaka kupandishwa

Hapa nitapita haraka kwa sababu tofauti inasikika ndani ya dakika tatu. Transi ilikomaa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inachukua ngoma ya tekno, inaongeza mwendo kidogo, inaweka melodi kubwa juu, kisha inaondoa ngoma yote katikati ya wimbo na kukuacha ukielea na sauti za vinanda zinazopanda. Unajua ngoma itarudi. Wote waliosimama uwanjani wanajua. Ikirudi, mikono inakwenda juu. Tiësto wa Uholanzi aliupiga muziki wa aina hii kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Athens mwaka 2004, wanamichezo wakiingia uwanjani, na ulifaa: ni muziki wa uwanja.

Tekno haikuahidi kilele. Transi inakiahidi na inakitimiza kila baada ya dakika chache. Ukitaka kulia kwa furaha kwenye umati, transi ndiyo yako. Mimi binafsi huchoka nayo baada ya nusu saa, kwa kuwa kila wimbo unataka kuwa wimbo wa mwisho wa usiku.

Pale ngoma inapovunjika

Kuna tawi zima la soko hili ambalo limekataa nne kwa nne. London, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto wa wahamiaji wa Jamaika na majirani zao weupe walichukua vipande vya ngoma zilizopigwa na binadamu, wakavikata na kuviharakisha. Kipande mashuhuri kuliko vyote kinadumu sekunde zipatazo sita, na kilipigwa na Gregory Coleman kwenye wimbo wa bendi ya The Winstons wa mwaka 1969. Kimetumika kwenye maelfu ya nyimbo. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata malipo kwa matumizi hayo. Kila nikimpigia mtu dramu na besi kwa mara ya kwanza namwambia jina la Coleman kwanza, kwa sababu ni mikono yake ile.

Dramu na besi huenda kama mapigo 170 kwa dakika, lakini besi yake huenda nusu ya hapo, kwa hiyo una uchaguzi: miguu ifuate ngoma au kiuno kifuate besi. Aliyelelewa na rege hapotei humu. Albamu ya Goldie ya mwaka 1995, Timeless, ni mlango mzuri, na ile ya Roni Size na Reprazent iliyoshinda tuzo ya Mercury ya Uingereza mwaka 1997 ni mwingine.

Dabstepu ilitoka Croydon, kusini mwa London, miaka ya 2000 mwanzoni. Kwenye mashine inasoma mapigo 140, lakini mwilini inahisika 70, kwa kuwa pigo kali linaangukia mahali pamoja tu kwenye hesabu ya nne. Nafasi iliyobaki ni ya besi. Muziki huu usiusikilize kwenye simu. Narudia, usiusikilize kwenye simu. Sababu nitaieleza mbele.

Na upande wa pili kabisa wa soko hakuna ngoma hata moja. Brian Eno alitoa Music for Airports mwaka 1978, muziki wa kujaza chumba kama harufu ya udi, usiokulazimisha kuusikiliza. Huo ndio ambienti. Mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, au mtihani kesho, aanzie huko. Asije kwenye tekno akitafuta usingizi.

Ukishachagua tekno, tekno ipi?

Watu wengi hudhani tekno ni ya Wajerumani. Nimeshabishana na mzungu mmoja kuhusu hili ufukweni, usiku kucha, na alikuwa mtu mwema aliyeamini kwa dhati kwamba ilizaliwa Berlin. Ukuta ulipoanguka Novemba 1989, Berlin Mashariki ilijaa majengo matupu yasiyojulikana ni ya nani. Mwaka 1991 ikafunguliwa klabu ya Tresor kwenye chumba cha chini cha kuhifadhia fedha cha lililokuwa duka kubwa la Wertheim, na jina lake maana yake ni hilohilo, kasha la fedha. Na santuri ya kwanza ya lebo ya Tresor ilitoka wapi? Detroit: ilitengenezwa na Underground Resistance, kundi la Mike Banks, Jeff Mills na Robert Hood. Berlin iliipa tekno nyumba, ikaitunza na kuikuza, na mwezi Machi 2024 utamaduni wa tekno wa Berlin uliingizwa kwenye orodha ya taifa la Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sina kinyongo na heshima hiyo. Nataka tu kila anayeitaja aitaje na Belleville.

Kwa anayechagua, tofauti inayofaa kuijua ni hii. Tekno ya Detroit ina huzuni na matumaini ndani ya vinanda vyake. Inafaa kwa anayetoka kwenye soul na jazi. Tekno iliyopunguzwa mpaka mifupa, kama albamu ya Robert Hood ya mwaka 1994, Minimal Nation, inafaa kwa mtu mvumilivu aliyezoea kusikia tofauti ndogo. Ile ya Basic Channel, yaani Moritz von Oswald na Mark Ernestus wa Berlin kuanzia mwaka 1993, imezama kwenye mwangwi wa dabu ya Jamaika, ile rege iliyovuliwa sauti za waimbaji na kujazwa mwangwi. Mpenzi wa rege nampeleka huko bila kufikiri mara mbili. Na ile ngumu, ya kasi ya 140 na zaidi, ya vyumba vya zege, ni ya mtu aliyekwisha kuzipenda hizo nyingine. Usianzie hapo. Utaondoka na maumivu ya kichwa ukidhani umeijua tekno.

Kuna rekodi moja ninayoipenda kuliko nyingi kwa ajili yetu. Mwaka 2018 Jeff Mills alitoa kazi pamoja na Tony Allen, mpiga dramu wa Lagos aliyekuwa nguzo ya bendi ya Fela Kuti. Mills yuko kwenye 909, Allen kwenye ngoma zake. Sikiliza jinsi mashine inavyopiga palepale bila kutetereka na mzee anavyoizungukia, mbele kidogo, nyuma kidogo, kama mtu anayezungumza na ukuta mpaka ukuta ukamjibu. Aliyezoea ngoma zetu atasikia mara moja kwamba kujirudia si upungufu. Ngomani anayeshikilia pigo moja saa nzima ndiye anayewaachia wengine nafasi ya kucheza.

Na singeli je?

Hapa ndipo mjadala pale mezani huwa mkali, kwa sababu kijana wa Manzese au Tandale hupenda kuniambia singeli ni tekno ya Bongo. Namwelewa. Ufanano upo na ni wa kweli. Detroit walichukua mashine za mitumba. Kwetu mchiriku ulitumia vinanda vidogo vya Casio, na singeli ikarithi roho hiyo kwa kompyuta za kawaida, ikachukua vipande vya taarab na kuviendesha mbio mpaka vikawa kitu kingine. Kote kuwili ni vijana wa mitaa isiyopewa kitu, wasioomba ruhusa studio kubwa. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, sikio la Ulaya lililozoea tekno ndilo lililoipokea singeli kwa mikono miwili, na ma-DJ na MC wa Dar wakaanza kualikwa kwenye majukwaa ya huko.

Lakini nikikaa kwenye mixa, ni kazi mbili tofauti kabisa. Tekno ya mapigo 130 kwa dakika inaacha karibu nusu sekunde kati ya pigo na pigo. Ndani ya hiyo nusu sekunde ngoma nzito inapata muda wa kunguruma, kufika ukutani na kufa kabla ya nyingine kuja. Kwa hiyo spika za chini, zile za besi, nazipa nguvu. Singeli ya 240 inaniachia robo sekunde. Nikizipandisha spika za chini namna ileile, pigo moja linaingia ndani ya jingine na kila kitu kinageuka uji. Singeli inaishi juu zaidi: kwenye kinanda kinacholia kama ndege, kwenye makofi, kwenye sauti ya MC. Nashusha chini, nasafisha katikati, namtanguliza MC mbele. Maana MC ndiye anayesalimia mtaa, anayewataja watu, anayesema kodi imepanda. Mwondoe, na umeondoa nusu ya singeli. Kwenye tekno hakuna wa kumwondoa.

Na muda wake ni tofauti. Singeli inakukamata sekunde ya kwanza. Tekno inaanza kufanya kazi dakika ya tano. Ukitaka kigodoro kisimame na vumbi lipande, singeli, bila mjadala. Ukitaka usiku mrefu usio na haraka, wenye watu wanaocheza macho yamefumbwa, tekno. Ukiniuliza zinahusianaje, nitakwambia ni watoto wa shangazi na mjomba: babu mmoja, nyumba mbili.

Kabla hujabonyeza

Kwanza, hesabu. Ukisikia wimbo usioujua, tazama saa, hesabu mapigo ya ngoma nzito kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 28 au 29, uko karibu na amapiano. 30 au 31, hausi. Kuanzia 32 mpaka 36, huenda ni tekno, na kama kuna melodi kubwa inayopanda, ni transi. Ukifika 43, ni dramu na besi. Ukishindwa kuhesabu, ni singeli.

Pili, spika. Ngoma nzito ya tekno inakaa chini sana, mahali ambapo spika ya simu haiwezi kupafika. Simu inakupa ile ncha ya juu tu ya pigo, tk tk tk tk, na toazi. Vijana wengi walioniambia tekno haina kitu walikuwa wamesikiliza robo yake. Tafuta hedifoni, hata za kawaida zinazoziba sikio, au spika yenye sanduku. Na usipandishe sauti mno kwa kutafuta besi. Kama haipo, haitakuja kwa kelele, na masikio hayauzwi dukani.

Tatu, mpangilio. Jioni ya kwanza weka Larry Heard, kisha "Good Life", kisha "Strings of Life", kisha Model 500, kisha "The Bells". Kwa mfuatano huo utatoka hausi mpaka tekno hatua kwa hatua, na utajua mwenyewe umesimamia wapi. Ukijikuta umerudia mbili za mwanzo, baki na hausi na uwe na amani. Ukijikuta umerudia ya mwisho, jioni ya pili weka Minimal Nation, zima taa, weka simu mbali na mkono, na usiiguse mpaka dakika ya tano ipite.